Mpokeaji wa Taifa Atembelea Bombani

Katika Jamhuri ya Neema, njaa ilifutwa siku ya Jumanne. Ilifutwa kwa wino mweusi, mbele ya waandishi wa habari. Mheshimiwa Waziri wa Shibe alipomaliza kutia saini aliinua kalamu juu watu waione, wakapiga makofi mpaka baadhi yao wakashikwa na kizunguzungu wakakalishwa chini. Madaktari waliokuwepo walieleza kwamba kizunguzungu hicho kilitokana na furaha.

Tangu siku hiyo neno lenyewe halikutakiwa kusikika. Mtu mwenye lile jambo alitakiwa aseme, "Nina nafasi." Mtoto akirudi shule alimwambia mama yake, "Mama, nina nafasi," na mama akamjibu, "Hata mimi, mwanangu, nina nafasi tangu jana." Zahanati nazo zikaandika kwenye vyeti kwamba marehemu alikuwa na nafasi nyingi. Mambo yakaenda vizuri kabisa, na wageni kutoka nje wakaisifu Neema kwamba ni nchi yenye nafasi.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo kulikuwa na mtaa uitwao Bombani, ambao haukuwa na bomba, na katika mtaa huo aliishi fundi cherehani mmoja, Dafroza Mkangara. Dafroza alishona bendera ndogo za kupungia viongozi, na kwa kuwa viongozi hawakuacha kupita, hakukosa unga ndani. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana baadaye yeye mwenyewe alikuja kulitilia shaka.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Sikitu, mama mtu mzima aliyelea wajukuu wawili. Zamani Bi Sikitu alikuwa akiuza vitumbua kando ya barabara kuu, mpaka kibanda chake kilipoondolewa ili msafara wa Waziri upite mahali penye mandhari. Ilikuwa desturi pale mtaani kwamba ukipelekewa chakula na jirani, sahani yake huirudishi tupu. Unaweka hata ndizi moja, hata limau. Dafroza alipeleka sahani ya mihogo kwa Bi Sikitu, haikurudi. Akapeleka ya maharage, nayo haikurudi. Sahani zikaanza kumpungukia, akaenda kuulizia kwa upole.

Alizikuta zote zimeoshwa, zimepangwa juu ya stuli na kufunikwa kitambaa cheupe.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Bi Sikitu. "Nilikuwa natafuta cha kuweka."

Dafroza alirudi kwake akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Alijua kwamba sahani zake peke yake hazingetosha, kwani nyuma ya nyumba ya Bi Sikitu kulikuwa na nyumba nyingine ya aina hiyo, na nyuma yake nyingine. Akawaza: kwa nini sisi wenye uwezo kidogo tusitoe kila mtu kopo la unga au la maharage, tukakusanya, Jumamosi tukawagawia wenzetu kimyakimya? Wazo lilikuwa dogo na zuri. Kosa lake lilikuwa kuliombea kibali.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kashindye, alimpokea ofisini kwa furaha.

"Unataka kuchangisha chakula? Cha harusi ya nani?"

"Si cha harusi, Mwenyekiti. Cha wenzetu wenye nafasi."

Bwana Kashindye aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. "Dafroza, unataka nifukuzwe? Bombani hakuna mtu mwenye nafasi. Nilisharipoti."

"Na Bi Sikitu? Umemwona alivyokonda?"

"Bi Sikitu niliripoti kwamba amepungua kwa hiari."

Bwana Kashindye naye hakuwa mtu mbaya. Posho yake ilikuwa haijaja tangu mvua za mwaka uliopita, na shati lilikuwa limeanza kumpwaya. Alikuna kichwa, halafu uso ukamng'aa.

"Lakini," alisema, "mkikusanya chakula kwa sababu kimewazidi, hiyo ni sherehe. Sherehe inaruhusiwa. Tuiite Sherehe ya Ziada."

Dafroza aliona ni mchezo tu wa maneno. Waite watakavyo, alijiambia, mradi unga ufike. Akakubali, akatoka ofisini akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Habari za sherehe zikapanda. Ziliondoka mtaani zikafika kata, kutoka kata zikafika wilaya, na kila zilipofika ziliongezwa kitu, hata zilipotua wizarani Bombani ilikuwa imegeuka kuwa mtaa ambao watu wake wanalala vibaya kwa sababu magunia yamejaa vitandani. Waziri wa Shibe akasema sherehe kama hiyo haiwezi kufanyika bila yeye.

Basi zikaundwa kamati. Kulikuwa na Kamati ya Vipaza Sauti, na Kamati ya Maturubai, na Kamati ya Tabasamu, ambayo kazi yake ilikuwa kupita na kukagua mashavu. Mazoezi ya kupunga bendera yakafanyika kila jioni, maana katika Neema mazoezi ya kumpokea kiongozi ni jambo takatifu; polisi mwenyewe akiyakuta husimama pembeni akavua kofia. Dafroza akateuliwa kusimamia kamati zote, akapewa cheo cha Mama Ziada na vazi la kitenge lenye sura ya Waziri mgongoni na tumboni.

Kwa kweli kilimpendeza. Alipopita, watu walimwachia njia. Kwenye saluni walimsuka bila foleni. Redio ya wilaya ilimhoji, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema "mikakati" na akaona imekaa vizuri mdomoni. Akapata na zabuni ya kushona bendera zote za sherehe. Makopo ya unga na maharage ya majirani yakaendelea kuletwa, yakamiminwa kwenye magunia na kufungiwa katika stoo ya ofisi ya mtaa, kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulikaa wilayani kwa usalama.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Bi Sikitu, ambaye Dafroza alikuwa amemwahidi mgao, alichungulia ukutani.

"Mdogo wangu, ile Jumamosi yetu si ndiyo leo?"

"Imesogezwa mbele kidogo, dada. Waziri amebanwa."

"Basi sawa. Tutasubiri."

Ikasogezwa tena, maana Waziri alialikwa nchi ya jirani kufundisha namna ya kufuta njaa. Bi Sikitu hakuuliza mara ya pili. Na katika siku hizo zote Dafroza hakupika mihogo wala hakupeleka sahani kwa mtu. Hakuwa na muda. Asubuhi alikuwa kwenye kikao cha kuwasaidia wenye nafasi, na jioni alikuwa kwenye kikao cha kutathmini kikao cha asubuhi, na huko walipewa soda na maandazi, akirudi nyumbani ameshiba.

Siku ya kuamkia sherehe likaja agizo kutoka juu: Waziri anataka kusikia kwamba kila kaya ya Bombani imechangia, bila kubaki hata moja. Bwana Kashindye akahema. Wakaondoka yeye na Dafroza na mpigapicha wa televisheni, wakapita katika nyumba zilizokuwa hazijatoa. Dafroza ndiye aliyeshika mfuko, kwa kuwa kitenge chake kilitoka vizuri kwenye picha.

Mwanamume mmoja alitoa chumvi. Mama mmoja alitoa limau, akaomba radhi. Hatimaye wakafika kwa Bi Sikitu. Hapo Dafroza alipunguza mwendo. Alifikiri kumwambia Mwenyekiti, nyumba hii tuiruke. Maneno alikuwa nayo kabisa mdomoni. Lakini kamera ilishaanza kuwaka taa yake nyekundu, na Bwana Kashindye alishamsukuma mbele kidogo, akasikia sauti yake ikibisha, "Hodi humu ndani!"

"Karibu! Karibuni!" Bi Sikitu alijibu kwa sauti ya furaha ambayo Dafroza alikuwa hajaisikia muda mrefu. Akatoka amejifunga khanga safi, mkononi ameshika kopo la bati. Akaona kamera. Akaona mfuko uliofunguliwa mbele yake. Akasimama pale mlangoni, akatazama ndani ya mfuko, kisha akamtazama Dafroza, na tabasamu lake halikuondoka bali lilibaki mahali pake kama kitu kilichosahauliwa.

"Toa ulichojaliwa, mama," mpigapicha alihimiza. "Mwanga unatupotea."

Bi Sikitu akainamisha kopo. Unga ulitoka kidogo, mweupe, bila sauti. Akaligonga kopo kwa kiganja, na uliobaki pembeni ukaanguka nao.

"Asante kwa moyo wako wa ziada," alisema Dafroza, maana ndivyo walivyoagizwa kusema.

Sherehe ikafanyika. Msafara ulipita na ving'ora, bendera zikapungwa, na Waziri wa Shibe akapanda jukwaani taratibu kwa sababu ya uzito wa wizara yake.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Ndugu wananchi mlioshiba! Kabla yangu, watu wa nchi hii walikuwa wanakula ili washibe. Hayo yalikuwa mawazo ya kizamani. Leo mwananchi anashiba kwanza, halafu kula ni hiari yake!"

Makofi. Baadhi ya watu wakakalishwa chini.

"Nimeambiwa hapa Bombani hakuna kaya ambayo haikutoa. Sasa kama kila mtu ametoa, nani amekosa? Hakuna! Hiyo ni hesabu rahisi, hata wapinzani wangu wanaiweza!"

Magunia yakapangwa mbele ya jukwaa. Dafroza, akiwa kwenye kiti cha mstari wa mbele, alinong'ona kwa afisa itifaki aliyekaa karibu naye. "Tunaanza kugawa sasa? Ninawajua wanaostahili. Niwaite?"

Afisa alimtazama kwa huruma. "Mama, kisheria wanaostahili hawapo. Tukiwaita watakuwepo. Mpokeaji tumekuja naye."

Mlango wa gari jeusi ukafunguliwa, akashuka mtu mnene mwenye haya usoni. Huyo alikuwa Mpokeaji wa Taifa, aliyeajiriwa na serikali kwa kazi ya kupokea. Alikuwa na dereva, msaidizi wa leso, na shati lenye viraka vilivyonyooshwa pasi. Dafroza, kwa jicho la kazi yake, aliona kwamba viraka vimeshonewa juu ya shati zima lisilo na tundu hata moja. Mpokeaji alipiga magoti mbele ya magunia. Alitetemeka mabega. Machozi yakamtoka, makubwa, ya mfululizo, mpaka wanawake wa Bombani ambao macho yao yalishakauka zamani nao wakaanza kulia kwa kumhurumia.

"Mheshimiwa Waziri," alisema kwa sauti iliyokatika mahali panapostahili, "napokea chakula hiki kwa niaba ya watu ambao hawapo. Wangekuwepo, wangeshukuru."

Akajifuta, akainuka, akarudi garini. Vijana wenye sare wakabeba magunia wakayapakia kwenye lori. Dafroza alisimama.

"Linakwenda wapi?"

"Mtaa wa Stendi Kuu," alijibu afisa itifaki. "Kesho wana Sherehe ya Ziada, na haiwezi kuanza bila ziada."

"Lakini hicho ni chakula cha watu wa hapa!"

"Mama, si kimeshapokelewa? Umeona kwa macho yako. Kimepokelewa kwa machozi." Akamshika kiwiko kwa adabu. "Twende ukumbini. Meza kuu wanakusubiri."

Lori lilipita mbele ya watu, na watu, kwa mazoea, wakalipungia bendera.

Ukumbi ulikuwa darasa la shule ya msingi, lenye madirisha mapana. Juu ya meza palikuwa na pilau, kuku wa kukaanga, kachumbari, na nyama iliyokatwa vipande vikubwa bila woga. Dafroza aliketi akiwa na hasira. Alikusudia kabisa asile. Alikusudia asimame, amwambie Waziri mbele ya wote kwamba jana yeye Dafroza alipokea unga wa mwisho wa jirani yake. Alianza hata kuvuta kiti. Waziri akageuka, akamwekea mapande mawili ya nyama kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kula, Mama Ziada. Umefanya kazi kubwa."

Dafroza akaonja, kwa heshima tu. Pilau ilikuwa imeiva kweli, ya mdalasini na hiliki, punje imeachana na punje. Akala. Alijua kuna watu nje, chini ya madirisha, wanasubiri kuambiwa watawanyike. Alisikia watoto wakikohoa. Aliamua kutazama sahani tu. Sahani ilipoisha akaletewa sinia, na akaongeza.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, alivua kitenge, akavaa gauni lake la siku zote, akaenda kwa Bi Sikitu. Kwenye mkoba alikuwa na nyama aliyoifunga kwa karatasi. Aliwakuta wajukuu wamelala mapema mno kwa watoto wa umri ule. Alikaa kizingitini, na ile nyama ikabaki mkobani, maana hakuona namna ya kuitoa bila kueleza ilikotoka.

"Dada," alisema mwishowe, "kwa nini ulitoa jana? Ungesema tu huna."

"Ningesemaje sina, na kopo mkononi?"

"Kwani kopo ulitoka nalo la nini?"

Bi Sikitu alipangusa kizingiti kwa kiganja. "Nilisikia hodi yako. Nikasikia na watu nyuma yako. Nikajua Jumamosi yetu imefika, mdogo wangu. Nikachukua kopo la kupokelea. Chini lilikuwa na unga kidogo wa uji wa watoto, sikuumwaga, nikasema utachanganyika na huo mnaoleta. Nikatoka, nakuta ni wewe umeshika mfuko wazi."

Dafroza alitaka kulia, akamkumbuka Mpokeaji wa Taifa alivyolia vizuri, akajizuia kwa aibu. Aliinuka akaaga vibaya, akaenda kwake.

Asubuhi akatoa unga wote uliokuwemo ndani mwake. Akaenda sokoni na malipo ya zile bendera, akarudi na maharage, mafuta na vitunguu kwa mkokoteni. Lile sufuria kubwa lililokodishwa kwa sherehe lilikuwa bado halijarudishwa. Akalibingirisha hadi uani, akawasha kuni, akaanza kupika. Hakuomba kibali kwa mtu. Harufu ya vitunguu ikafanya kazi ambayo vipaza sauti havikuweza, na watu wa Bombani wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakiwa na bakuli mgongoni kama watu wanaopita tu.

Haukupita muda Bwana Kashindye akatokea, anakimbia.

"Dafroza! Umewakusanya watu unawalisha mchana kweupe? Wakiuliza wizarani nitasema nini? Kibali kiko wapi?"

Dafroza hakuacha kusonga. "Ni mazoezi, Mwenyekiti."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kumpokea Mheshimiwa akija tena. Safari hii nataka watu wajue kula mbele yake. Jana kula kwao hakukuonekana."

Bwana Kashindye alisogea karibu na moto. Akatazama sufuria. Akavua kofia polepole, kama polisi anavyofanya, akaishika kifuani.

"Na mazoezi haya," aliuliza kwa sauti ya chini, "yana sehemu ya mwenyekiti?"

"Kaa pale kwenye benchi."

Tangu hapo Bombani ikawa na mazoezi kila siku, kila mwenye kopo akileta kopo na asiye nalo akija na bakuli. Wilaya ilipopata habari iliandika barua ya pongezi kwa utayari. Lakini siku ile ya kwanza Bi Sikitu hakuja. Wajukuu walikuja, wakala, wakapewa na cha kupeleka nyumbani, naye hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Dafroza aligawa huku akitazama lango, na kila aliyeingia akiwa si yeye alimpa mwiko uliojaa zaidi, kana kwamba maharage yangeweza kusogezwa mpaka yakamfikia anayehusika.

Siku ya tatu aliingia, watu wengi wakiwa wameshaondoka. Alisimama mbele ya sufuria na bakuli lake. Dafroza akampakulia ugali na maharage, mchuzi ukamwagikia pembeni.

Bi Sikitu alilipokea bakuli, hakuondoka. "Na wewe," aliuliza, kama mtu yeyote anavyomwuliza mpishi, "umekula?"

Lilikuwa swali la adabu tu. Dafroza angeweza kujibu ndiyo, au bado, yakaisha.

"Nilikula, dada," alisema. "Ile siku ya Waziri. Nilikula meza kuu, pilau. Nilitaka isiwe tamu, lakini ilikuwa tamu sana. Nikaongeza."

Bi Sikitu alimega tonge, akalichovya, akalitafuna bila haraka mpaka likaisha.

"Najua uliongeza," alisema. "Tulikuwa dirishani."

Kisha akaelekeza kidevu kwenye gogo ambalo Dafroza alikuwa amelikalia.

"Sogea huko, nikae."

Dafroza akasogea.